Kuchora furu kabla rangi hazijamtoka

Anza na rangi. Umbo litakusubiri, rangi haisubiri. Furu, samaki mdogo wa Ziwa Victoria, dume wa kwenye mawe, yule wa mgongo mwekundu, ubavu wa manjano na milia myeusi, akishatolewa majini huanza kupauka huku unamtazama. Ukimtia kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia samaki asioze, ndiyo basi tena.

Kwa hiyo, hapa Mwanza, usimfuate sokoni Mwaloni. Nenda kwa vijana wa ndoana kwenye mawe ya Kapripoint, uwe na ndoo na chupa pana ya kioo. Mtie humo angali hai, kaa kivulini, andika.

Nimesema andika, sijasema paka. Sydney Parkinson, mchoraji wa Endeavour, meli ya Kapteni Cook, alikuwa akizidiwa na kazi anachora mistari, anagusia rangi kidogo, kisha anaandika maelezo ili aje amalizie. Alifia baharini Januari 1771, na michoro yake mingi ya mimea wakaimalizia wengine kwa maelezo hayohayo. Ferdinand Bauer, mchoraji mwingine, aliyesafiri na meli ya Investigator kuanzia 1801, alitumia namba: kila namba na rangi yake. Mimi namfuata Bauer. Nina ukanda wa kadi wenye viboksi vya rangi za maji, vyote vina namba. Naulaza kando ya chupa na kuandika namba juu ya mchoro. "Nyekundu" peke yake haitakusaidia jioni.

Akishakufa, mlaze kichwa kikiwa kushoto, ndivyo wachoraji wa samaki walivyozoea. Tandaza mapezi kwa pini. Pima kwa bikari toka mdomoni hadi mkia unapoanzia. Mkia wenyewe hauhesabiwi. Miiba ya pezi la mgongoni ihesabu mmoja mmoja, usibuni.

Sasa sogea karibu. Pezi la chini, nyuma ya tumbo, lina madoa ya manjano kama viini vya mayai, na kila doa limezungukwa na duara linaloonyesha kama kioo. Wengi hulisahau duara hilo. Mstari wa ubavuni nao umekatika vipande viwili, cha mbele juu, cha nyuma chini. Kwa sangara unakwenda mzima hadi mkiani.

Andika tarehe, mahali na kina kwa penseli, maana wino ukilowa unachuruzika. Samaki aliyeguswa na fomalini mfukie. Hata paka usimpe.