Kulinda msimbo chanzo bila kuwafunga wasanidi mikono

Kizuizi kinachomkwamisha msanidi programu hakidumu. Mlazimishe kufanya kazi kwenye kompyuta ya mbali inayosita kila akibonyeza herufi, na msimbo utaishia kwenye barua pepe yake binafsi ili amalize kazi kwa amani. Ulinzi unaofaa ni ule unaokaa kwenye njia anayopita kila siku, na unaompotezea sekunde, si saa.

Anza kwa kutenganisha siri (manenosiri na funguo za kuingilia kwenye mifumo) na msimbo. Msimbo ukivuja mtupu ni hasara. Ukivuja na nenosiri la hifadhidata ndani yake, mvamizi ameshaingia kwenye seva. Weka siri kwenye hifadhi maalumu kama HashiCorp Vault, na programu izisome pale inapowashwa. Faili la `.env`, linaloshika siri hizo kwenye kompyuta ya msanidi, liorodheshwe kwenye `.gitignore` (orodha ya mafaili ambayo Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, itayaacha), na kando yake liwepo `.env.example` lenye majina ya vigezo tu, bila thamani. Hili la pili hupuuzwa sana. Lisipokuwepo, msanidi mgeni atamwomba mwenzake amtumie `.env` yake kwenye WhatsApp, na siri zitabaki humo kwenye simu mbili.

Kisha weka ukaguzi kwenye kompyuta ya msanidi. Gitleaks, programu inayotafuta siri ndani ya msimbo, ikiunganishwa na ndoano ya `pre-commit` (hatua inayojiendesha kabla ya mabadiliko kuhifadhiwa) huzuia komiti, yaani mabadiliko yanayohifadhiwa kwenye Git, yenye kitu kinachofanana na ufunguo. Iache ikague mabadiliko yaliyoandaliwa tu, si historia nzima. Ikichukua nusu dakika, watu watazoea kuandika `git commit --no-verify`, amri inayoiruka, na ndoano itakuwa pambo. Kwa sababu hiyohiyo, ukaguzi urudiwe kwenye seva, ambako hakuna wa kuuruka. Gitleaks ikipiga kelele bure kwa ufunguo wa majaribio, ongeza maoni ya `gitleaks:allow` kwenye mstari huo, na mkaguzi wa msimbo aone sababu.

Siri ikishaingia kwenye hazina (ghala la msimbo na historia yake), kuufuta mstari katika komiti mpya hakusaidii, kwani Git huhifadhi toleo la zamani. Batilisha ufunguo kwanza, toa mpya, kagua kumbukumbu za matumizi, ndipo ufikirie kusafisha historia. Zana ya kazi hiyo, `git filter-repo`, hubadilisha vitambulisho vya komiti zote zinazofuata, na timu nzima italazimika kunakili hazina upya. Ufunguo ukiwa umeshakufa, mara nyingi usumbufu huo hauna faida.

Kwenye ruhusa, kusoma kuwe kupana, kuandika kuwe kufinyu. Msanidi anayeweza kusoma msimbo wa timu jirani hutatua hitilafu bila kusubiri majibu. Tawi kuu, yaani toleo rasmi la msimbo, lilindwe: mkaguzi mmoja anatosha kwa kazi za kawaida, lakini folda za malipo na uthibitishaji ziwe na wamiliki wanaotajwa kwenye faili la `CODEOWNERS`. Kwa wanaotumia GitHub, ongeza humo folda ya `.github/workflows`, yenye maelekezo ya kujenga programu, maana anayeweza kubadilisha mtiririko wa ujenzi anaweza kuzitoa nje siri unazotumia. Faili la `CODEOWNERS` halizuii chochote mpaka uwashe sharti la idhini ya wenye msimbo kwenye mipangilio ya tawi.

Kudai nenosiri kila saa kunachosha watu. Ufunguo wa kifaa (kidude kidogo cha usalama, kama cha USB) unaotengenezwa kwa `ssh-keygen -t ed25519-sk` (OpenSSH 8.2 au zaidi) hutaka kuguswa tu wakati wa kuunganisha na seva kwa SSH, kama unaposukuma au kuvuta msimbo.

Dharura nazo zina njia yake. Huduma ikianguka usiku, msanidi wa zamu aweze kujipa ruhusa ya juu mwenyewe, aandike sababu, timu ya usalama ijulishwe papo hapo, na ruhusa ijifute baada ya muda wa saa 4 tangu itolewe. Akilazimika kumsubiri meneja aamke, atatafuta akaunti ya msimamizi inayotumiwa na wote, na asubuhi hakuna atakayejua nani alifanya nini.