Kupanga spika na kochi sebuleni ili muziki usikike vizuri

Sebule nyingi hupangwa kwa ajili ya macho. Kabati la TV linakaa katikati ya ukuta mmoja, makochi yanabanwa kwenye kuta nyingine, na spika zinawekwa palipobaki nafasi: moja juu ya kabati, ya pili kwenye kona nyuma ya mlango. Baadaye besi inavuma, maneno ya mwimbaji hayaeleweki, na mwenye nyumba anaanza kutafuta amplifaya kubwa zaidi. Hela hiyo iweke kwanza. Chukua futi kamba, tepu ya karatasi ya kuwekea alama sakafuni, kioo kidogo na mtu wa kukusaidia.

Kagua waya kabla ya kusogeza chochote. Nyekundu ya amplifaya iingie nyekundu ya spika, nyeusi iingie nyeusi, pande zote mbili. Ukiupindua upande mmoja, spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta. Besi inanyauka na sauti ya mwimbaji inatawanyika, hujui inatoka wapi. Kosa hilo haliponi kwa kuhamisha spika.

Sasa anza na kiti, si spika. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde katika joto la kawaida la nyumbani. Gawa namba hiyo kwa mara mbili ya urefu wa chumba. Sebule ya mita 5 inakupa 345 ÷ 10, yaani hezi 34.5 (mitetemo 34.5 kwa sekunde). Kwenye masafa hayo, na mara mbili yake, hezi 69, kuta zinarudishiana wimbi hadi linasimama mahali pamoja. Karibu na ukuta besi inajaa kupita kiasi. Katikati kabisa ya chumba ile ya hezi 34.5 inatoweka, na ile ya 69 inatoweka kwenye robo na robo tatu ya urefu. Kuta za tofali na zege huzidisha jambo hili kwa sababu hazimezi besi, zinairudisha karibu yote.

Ndiyo maana kochi lililobanwa ukutani linakupa noti mbili tatu za gitaa la besi zinazonguruma huku nyingine zikisikika kawaida. Weka kichwa chako kwenye asilimia 38 hivi ya urefu wa chumba, ukipima kutoka ukuta wa nyuma. Kwa mita 5 ni mita 1.9. Familia haiwezi kuacha nafasi yote hiyo? Sogeza hata sentimita 50 kutoka ukutani, utasikia tofauti. Sebule ikikataa kabisa, tundika blanketi nzito nyuma ya kichwa ili kupunguza ukali wa juu, kisha punguza besi kwenye amplifaya, maana blanketi haizuii besi.

Spika zifuate kiti. Ziwe umbali sawa kutoka kwako, na nafasi kati yao ikaribiane na umbali huo. Wengi hufundishwa pembetatu yenye pande tatu sawa, nayo ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini ukiifuata kwa upofu inaweza kukurudisha katikati ya chumba, pale pale besi inapotoweka. Tuchukue sebule ya mita 5 kwa 4. Uso wa kila spika uwe sentimita 55 kutoka ukuta ulio nyuma yake, na kitovu chake sentimita 80 kutoka ukuta wa pembeni. Spika zinaachana mita 2.4, na kutoka kila moja hadi kichwani ni kama mita 2.8. Hapo muziki unakaa vizuri.

Zile 55 na 80 zimetofautiana kwa makusudi. Sauti inayogonga ukuta ulio nyuma ya spika inarudi na kufuta sehemu ya besi. Kwa sentimita 55 pengo linaangukia karibu na hezi 157 (345 kugawa kwa mara nne ya 0.55). Umbali wa nyuma na wa pembeni ukilingana, mapengo yanarundikana mahali pamoja. Spika yenye tundu la hewa nyuma iachie angalau sentimita 30. Kona iepuke: besi inaongezeka, lakini inakuwa tope.

Pima umbali kutoka spika hadi kichwani kwa futi kamba, mara mbili. Sentimita 34 ni elfu moja ya sekunde, na sikio halihitaji hata nusu ya hapo ili kumvuta mwimbaji upande wa spika iliyo karibu. Twita, ile spika ndogo ya juu, iwe usawa wa sikio ukiwa umekaa, kwa kawaida sentimita 85 hadi 100 kutoka sakafuni. Spika usiilaze ubavu juu ya kabati; twita na wufa, ile spika kubwa ya besi, zikikaa sambamba, sauti inabadilika kila ukisogeza kichwa.

Halafu kioo. Kaa kwenye kochi, msaidizi aburuze kioo ukutani pembeni, usawa wa twita. Pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo sauti inaporuka kukujia. Weka hapo pazia zito au kabati la vitabu. Kanga ni nyepesi mno kwa kazi hii. Sakafu ya vigae itandikie zulia kati ya kochi na spika.

Wenye sabufa yenye vispika viwili vidogo wasifuate ushauri wa kuificha sabufa popote. Vispika vya inchi tatu haviwezi kushuka chini sana, kwa hiyo sabufa inabeba pia sehemu ya sauti ya mwanamume. Ukiiweka nyuma ya kochi, kifua cha mwimbaji kinabaki nyuma yako na mdomo mbele. Iache kati ya vispika, isogeze sentimita 20 kwa 20 kando ya ukuta, na usikilize mpaka noti zote za besi zilingane. Vioo vya dirisha vikitetema, bana klipu zilizolegea kabla ya kuilaumu spika.

Mwisho cheza zilizopendwa zilizorekodiwa mono, yaani spika zote mbili zinatoa sauti ile ile, kama nyingi za miaka ya 1960. Mwimbaji asimame katikati, mahali pasipo na spika yoyote. Akiegemea kushoto, pima tena. Akiwa katikati lakini mnene na mpana, zigeuze spika zikutazame kidogo kidogo, kama sentimita mbili kila mara, na uweke alama ya tepu pale anapobana.