Mafundo ya Mapambo Kuwa Biashara: Anza na Kipimo cha Kamba

Unapofunga mafundo kwa raha yako jioni, hakuna anayeuliza kamba imeliwa kiasi gani. Ngoja hoteli iagize vishika funguo 40 vya vyumba, vyote rangi moja na saizi moja. Hapo ndipo utajua kama una biashara au una mkono mwepesi tu. Mwongozo huu ni wa mtu anayejua kufunga tayari, ila hajui aanzie wapi kuuza.

Hatua ya 1: Chagua bidhaa tatu, basi

Mimi ningechagua kishika funguo cha tufe (fundo la duara kama mpira mdogo), bangili ya kusuka, na kining'inizo cha chungu cha maua. Mapambo makubwa ya ukutani yanapendeza sana pichani na watu watakusifia, lakini yanakula siku nzima na wanunuzi wake ni wa kuhesabu. Yafanye kwa oda tu.

Hatua ya 2: Nunua kamba kwa kazi yake

Pamba ni laini na inashika rangi vizuri, ila kwa unyevu wa pwani huota ukungu ikikaa nje. Kining'inizo cha barazani kinataka poliesta. Nailoni ni imara, lakini inateleza, kwa hiyo fundo lake linahitaji kukazwa mara mbili. Katani ni ngumu na inachoma vidole. Ilowanishe kidogo kabla ya kufunga, nayo italainika. Ina kitu kimoja cha ziada: hadithi. Mkonge, mmea unaotoa katani, ulipandwa kwa mara ya kwanza mkoani Tanga mwaka 1893, na mgeni akisikia hivyo huku ameshika tufe la katani mkononi, mara nyingi halirudishi mezani. Kamba ya usumba, ile inayosokotwa na kina mama wa Unguja kutokana na makumbi ya nazi yaliyofukiwa ufukweni kwa miezi, inafaa vyungu. Bangili hapana, inawasha.

Nunua roli nzima ya rangi chache. Ukinunua mita mita, oda ya pili utakuta rangi imebadilika kidogo, na mteja ataiona kabla yako.

Hatua ya 3: Tengeneza kadi ya kipimo

Hapa usiharakishe. Kila bidhaa iwe na kadi yake: unene wa kamba, urefu wa kukata, idadi ya mizunguko, dakika za kuitengeneza, na kipande kimoja kilichokamilika kimefungwa pembeni.

Kining'inizo kinatumia fundo la mraba: kamba mbili za katikati zimetulia, mbili za pembeni ndizo zinazofanya kazi. Zile za kati zinazidi kidogo tu urefu wa sehemu iliyofungwa. Za pembeni kata mara nne hadi tano ya urefu huo. Ukianza kila fundo upande uleule, mkufu wa mafundo utajizungusha wenyewe kama skrubu. Ukibadilishana upande, utakaa bapa. Andika kwenye kadi umefanya lipi.

Tufe ni mizunguko ya pande tatu juu ya kiini. Kwa gololi ya kawaida na kamba ya milimita 4, mizunguko mitatu kila upande inaifunika. Kulifunga ni rahisi. Kulikaza ndiko kunakokula muda, maana unavuta ulegevu mzunguko mmoja baada ya mwingine mpaka utokee mwishoni. Usitie kiini cha chuma. Baadhi ya majimbo ya Marekani yanahesabu tufe zito kwenye kamba kuwa silaha, na mtalii hatakushukuru akisimamishwa uwanja wa ndege.

Bangili ndiyo inayowachanganya wengi. Huwa na mistari inayopishana katika upana wake na masikio yanayojipinda pembeni. Kwa kamba moja, hesabu hizo mbili zisigawanyike zote kwa namba ileile iliyo kubwa kuliko 1. Mistari mitatu na masikio matano, sawa. Mitatu na sita, kamba inarudi ilikoanzia kabla hujamaliza, hata ufanyeje. Kwa hiyo mteja mwenye mkono mkubwa akija, ruka kutoka matano uende saba au manane. Kujua urefu wa kukata, funga njia nzima ya fundo mara moja kwa kamba ya majaribio, ifungue, ipime, zidisha kwa idadi ya mara utakazofuata njia hiyo, kisha ongeza shibiri. Pamba hunywea ikilowa, kwa hiyo ioshe na kuikausha kabla ya kupima.

Fundo hilohilo likiwa dogo ni pete ya skafu ya skauti. Ongea na walezi wa skauti shuleni. Ni wateja wanaorudi kila mwaka.

Hatua ya 4: Malizia ncha

Nailoni na poliesta, choma kwa kiberiti cha gesi na ubonyeze. Pamba na katani haziyeyuki, zinaungua tu. Zirudishe ndani ya fundo kwa shazia (sindano nene), tia tone la gundi, kata. Mnunuzi huvuta ncha kwanza.

Hatua ya 5: Piga bei

Tuseme tufe moja: kamba sh 600, pete ya chuma 300, gololi 100, gundi na kifungashio 200. Hiyo ni 1,200. Dakika 20 za mkono wako, kwa sh 3,000 kwa saa, ni 1,000. Ongeza asilimia 10 ya nauli na uharibifu: 2,420. Bei ya jumla iwe 3,500 na ya rejareja 7,000, kwa sababu duka la hoteli litataka nusu yake. Anayeanza kwa kuuza rejareja 3,500 hataweza kuingia duka lolote.

Maduka mengi yatataka mali kauli, yaani kukulipa baada ya kuuza. Kubali kwa mzigo mdogo, orodha isainiwe, na tarehe ya kulipana iandikwe.

Hatua ya 6: Karatasi na soko

Kwa Tanzania, chukua TIN (namba ya mlipakodi) kwa TRA, mamlaka ya mapato, sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kisha ulizia leseni halmashauri. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo kwa wajasiriamali wadogo, na Sabasaba, maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam, ni mahali pazuri zaidi pa kukutana na wanunuzi wa jumla kuliko kuuza kimoja kimoja.

Oda yoyote kubwa, chukua nusu ya fedha kabla ya kukata kamba. Tengeneza sampuli mbili zinazofanana, mteja azikubali zote, moja abaki nayo yeye na nyingine uifunge kwenye kadi.