Kufunga Taa za Ziada kwenye Land Rover Series III: Waya, Rilei na Ethi

Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, bado inafanya kazi mashambani na kwenye barabara za vumbi za Arusha na Manyara, na wenye magari hayo huniomba mara kwa mara niwafungie taa za ziada zitakazowaonyesha ng'ombe aliyelala barabarani mapema kuliko taa za asili. Kazi yenyewe si ngumu. Hata hivyo, nimefungua dashibodi nyingi na kukuta swichi imeyeyuka na waya zimekauka ganda, kwa sababu taa mpya ziliungwa moja kwa moja kwenye waya wa taa za fuli. Ninachokifuata siku zote ni hiki: waya za zamani zibebe amri ya kuwasha tu, na mzigo wote ubebwe na waya mpya.

Hesabu kabla ya kununua

Taa mbili za wati 55 hufanya wati 110, na ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea 9 na kidogo. Kama taa zako kubwa mbili tayari zina balbu za H4 zenye wati 60 kila moja upande wa fuli, zenyewe zinavuta ampea 10. Ukiziunga pamoja, swichi yenye umri wa miaka 40 na zaidi italazimika kupitisha ampea 19, nayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Hesabu ya pili ni ya altaneta. Series III nyingi zilitoka na altaneta ya Lucas 16ACR ya ampea 34. Taa kubwa zikichukua 10, taa za ziada 9, na zilizobaki zikagawiwa taa za nyuma, mfumo wa plagi na waipa, altaneta hiyo bado inaweza kuchaji betri. Ukifunga balbu za wati 100, taa za ziada peke yake zitavuta karibu ampea 17, na usiku wa mvua betri itakuwa inapungua badala ya kujaa. Kwa sababu hiyo nawashauri wateja wangu wabaki na wati 55, wakiwa na waya nzuri, kuliko kununua wati 100 ambazo gari haliwezi kuzilisha.

Amua pia aina ya taa. Ninazozieleza hapa ni za kuona mbali. Kwa anayepita ukingo wa kreta ya Ngorongoro alfajiri, ukungu ukiwa umetanda, taa hizi hazisaidii, kwa kuwa mwanga wake hurudi machoni mwa dereva. Huyo anahitaji taa za ukungu, zinazofungwa chini na kuwaka pamoja na dimu.

Vifaa

Tafuta rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa, ya volti 12 yenye uwezo wa ampea 30 au 40, fyuzi ya ampea 15 pamoja na kikasha chake kisichoingiza maji, fyuzi ndogo ya ampea 3, swichi ya dashibodi, waya wa milimita za mraba 2.5 kwa njia kuu, wa 1.5 kwa kila taa na wa 1 kwa amri. Waya uwe wa gari, wenye nyuzi nyingi nyembamba. Waya mgumu wa nyumba hukatika kwa mtikisiko. Vichwa vya waya vibanwe kwa koleo lake maalumu. Sipendi kulehemu kwa risasi kwenye gari la barabara mbovu, kwa sababu risasi huufanya waya uwe mgumu pale inapoishia, na ndipo unapovunjika.

Hatua ya 1: Polariti na betri

Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari, na Series III ina ethi ya hasi. Land Rover za zamani zaidi, pamoja na magari mengine ya Uingereza ya wakati huo, zilitoka na ethi ya chanya, kwa hiyo mwenye gari la namna hiyo aangalie kwanza ni nguzo ipi ya betri iliyofungwa kwenye chasisi. Ukishajua, ondoa waya wa ethi wa betri kabla ya kugusa kitu kingine, na utakuwa wa mwisho kurudishwa.

Hatua ya 2: Taa na rilei

Funga taa kwenye bampa au kwenye chuma kilichofungwa imara kwenye chasisi. Taa inayotetemeka huua balbu na huchosha macho. Rilei iwekwe mbali na bomba la moshi, miguu yake ikitazama chini ili maji yasituame ndani.

Hatua ya 3: Njia ya mzigo

Kutoka nguzo ya chanya ya betri, vuta waya wa 2.5 hadi mguu namba 30 wa rilei. Fyuzi ya ampea 15 ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, isizidi urefu wa kiganja, kwa sababu kipande cha waya kilichoko kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote kikichubuka na kugusa bodi. Kutoka mguu namba 87, toa waya mbili za 1.5, kila moja iende kwenye taa yake. Pitisha waya ndani ya mrija wa plastiki, na kila tundu la bati liwe na raba.

Hatua ya 4: Ethi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, iliyofungwa kwa bolti za chuma, na pale metali hizo mbili zinapokutana na unyevu hutokea kutu nyeupe ambayo haipitishi umeme vizuri. Niliwahi kuletewa Land Rover 109, ile ndefu, ambalo taa zake mpya zilikuwa za njano kama kibatari. Nilipima upande wa chanya nikakuta upotevu wa volti 0.2 tu, lakini upande wa ethi zilikuwa zinapotea volti 1.6. Volti zinavyopungua, mwanga hupungua kwa kasi kubwa zaidi: halojeni ikipokea asilimia 90 ya volti zake hutoa takriban asilimia 70 tu ya mwanga. Nilivuta waya wa ethi wa 2.5 kutoka kwenye taa hadi nguzo ya hasi ya betri, na taa zilezile zikawa nyeupe.

Tangu siku hiyo sitegemei bodi hata kidogo. Ukichagua kutumia chasisi, kwangua rangi hadi chuma king'ae, kaza bolti, kisha paka grisi juu.

Hatua ya 5: Njia ya amri

Katika mpangilio wa rangi wa Uingereza, waya wa bluu wenye mstari mweupe ni wa fuli, na wa bluu wenye mstari mwekundu ni wa dimu. Usiamini rangi peke yake, maana gari hili limepita mikononi mwa mafundi wengi. Rudisha betri kwa muda na utumie testa: waya unaoutafuta uwe na moto ukiwasha fuli na ufe ukirudi dimu. Ondoa tena betri, kisha unga hapo kwa kiungio, si kwa kile kibanio kinachokata ganda na nyuzi za waya. Weka fyuzi ya ampea 3 palepale, ili hitilafu ya waya mpya isizime taa zako kubwa usiku ukiwa katika mwendo.

Waya uende kwenye swichi ya dashibodi, urudi hadi mguu namba 86. Namba 85 iende ethi. Usibadilishe miguu hiyo miwili, kwa kuwa baadhi ya rilei zina diodi ndani, inayopitisha umeme upande mmoja tu. Koili ya rilei huvuta takriban sehemu moja ya tano ya ampea au chini yake, mzigo ambao swichi ya zamani hauisumbui. Kwa mpangilio huu, ukimpunguzia mwenzako taa, zile za ziada zinazimika zenyewe.

Hatua ya 6: Kupima na kulenga

Washa injini, ikanyage kidogo, na uache taa ziwake kwa dakika 10. Gusa kikasha cha fyuzi na waya. Joto la kuunguza mkono ni dalili ya kiungio kibovu. Kisha pima volti kutoka chanya ya betri hadi chanya ya taa, na kutoka ethi ya taa hadi hasi ya betri. Mimi hukubali volti 0.3 upande wa kwanza na 0.2 upande wa pili.

Lenga gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa sababu springi za nyuma zikilala, mwanga hupanda juu. Simamisha gari mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare, na kitovu cha mwanga kiwe sentimita 5 chini ya kimo cha taa. Taa ya kulia ielekee mbele moja kwa moja. Ya kushoto naigeuza kidogo kuelekea ukingo wa barabara, wanakotokea mifugo. Kaza nati zikiwa na washa za springi, na uzikague tena baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu.