Namna ya Kuandika Mwitiko Wako juu ya Kitabu cha Kwanza cha Fasihi

Kila mwaka wanafunzi wangu wa kidato cha tano hapa Kigoma hupewa kitabu cha kuanzia somo la fasihi, wakatakiwa waeleze walivyokipokea, na wengi wao huniletea muhtasari. Muhtasari hueleza yaliyotokea kitabuni, ilhali mwitiko hueleza yaliyokupata wewe ulipokuwa ukisoma, mahali yalipokupata na sababu yake.

Soma mara ya kwanza ukiwa na penseli, nawe utie alama ndogo pembezoni kila unapocheka, unapokasirika, unapochoka au unapolazimika kuurudia mstari. Kitabu kikiwa cha shule, chomeka vipande vya karatasi. Usione haya kuandika kwamba umechoka, kwa kuwa hata uchovu una chanzo chake katika maandishi.

Tulipokuwa tukisoma Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1951, mwanafunzi mmoja kutoka Kibirizi aliandika sentensi moja tu: "Kitabu kinachosha kwa sababu habari ni ileile." Wenzake walicheka, lakini mimi niliona ameshika jambo, nikamwuliza alichokea wapi. Akafunua kurasa, akahesabu kwa kidole. Karama, mhusika mkuu wa kitabu hicho, ameshtakiwa mbele ya mfalme na waziri Majivuno kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria, na katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mbali, wakarudi na mapendekezo mema, kisha wakatiwa gerezani. Kijana alikuwa amechokea kwa mjumbe wa tatu. Nikamwuliza anayesimulia ni nani, na anamsimulia nani. Alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Ni mshtakiwa, mwalimu. Analeta ushahidi." Hapo ndipo insha yake ilipoanza, maana marudio yaliyomchosha yalikuwa ushahidi unaorundikwa mbele ya mfalme, mmoja juu ya mwingine, hata baraza lisipate pa kuukwepa.

Basi unapoandika, anza na mahali hapo hapo palipokugusa, wala usianze na maisha ya mwandishi. Nukuu maneno machache, utaje ukurasa, kisha ueleze ni nini katika maneno hayo kilichokufanya uhisi ulivyohisi: mpangilio wa matukio, tabia ya mhusika, au lugha yenyewe. Baada ya hapo jiulize mwandishi alikusudia nini kwa kufanya hivyo, na useme wazi kama unaona amefaulu. Usimulizi wa hadithi usizidi sentensi tatu au nne, kwa kuwa mwalimu wako amekwisha kuisoma.

Mambo ya maisha yako yanaruhusiwa, tena yanapendeza, mradi yarudi kitabuni. Niliwahi kusoma insha nzuri mno juu ya safari ya mtumbwi usiku wa dhoruba ziwani Tanganyika, kurasa mbili kamili, ambayo haikumtaja tena mhusika hata mmoja, nami sikuweza kuipa alama ilizostahili.

Ukimaliza, soma tena sehemu ulizozitia alama. Maoni yako yakiwa yamebadilika, usifute ya kwanza. Yaandike yote mawili na ueleze kilichoyabadilisha. Yule kijana wa Kibirizi, pamoja na kuelewa kazi ya marudio, alishikilia hadi mwisho kwamba wajumbe wanne wangetosha, akatoa sababu zake, nami nikampa alama kwa hilo pia.