SOMO: Kuandaa jioni ya usomaji maktaba ya chuo bila kuwafukuza watu

Wakuu habari zenu, nimeandaa hizi jioni mara 3 hapa Dar na ya kwanza ilinishinda kabisa, mhadhiri tuliyempa maiki afungue akasoma utangulizi wa utafiti wake dakika 35, feni inampeperushia makaratasi, wanafunzi wanatoka mmojammoja kama wanaenda kujisaidia. Kwahiyo haya ni ya mtu aliyeshaungua.

Hatua ya 1. Anza na mkutubi, sio na tangazo. Nenda kwake mwenyewe, umwambie saa, idadi ya watu na kwamba chai itakuwa nje barazani, maana kinachowatisha ni chai juu ya vitabu. Akikubali ndo upeleke barua kwa mshauri wa wanafunzi.

Hatua ya 2. Tarehe. Watu wengi wanaikimbilia Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, sawa ni nzuri ila kwetu inaangukia humohumo kwenye UE (mitihani ya mwisho wa semista), nani atakuja? Sisi tunachukua wiki ya 4 au ya 5 ya semista, kabla test hazijaanza, Jumatano saa 10 na nusu jioni.

Hatua ya 3, na hapa ndo kazi ilipo. Wasomaji 8 tu, wanafunzi 5 na walimu 3, kila mtu dakika 5. Dakika 5 ni kama kurasa 2 na nusu za riwaya ukisoma kwa utulivu. Mashairi yanadanganya: ubeti mmoja wa tarbia una mistari 4 ya mizani (silabi) 16, jumla mizani 64, kwenye karatasi kadogo tu, ila mtu akighani na kurudia kibwagizo hesabu nusu dakika au zaidi, sasa akija na beti 20 umekwisha. Mwambie achague 8. Na mwalimu asome, asihutubie, akitaka kueleza kitabu ana sentensi 2.

Hatua ya 4. Mazoezi siku moja kabla, palepale maktaba. Printi maandishi makubwa, pointi 16, upande mmoja wa karatasi, na uyabane pini.

Hatua ya 5. Siku yenyewe viti nusu duara, feni ya karibu na maiki izimwe. Aanze mwanafunzi asiye na woga, mwalimu awe wa 3. Muda tulipata dawa kwa bahati tu: ile kengele ndogo ya kaunta anayogonga mkutubi wakati wa kufunga. Dakika ya 5 anaigonga mara moja, awe profesa awe mwaka wa kwanza. Watu wanacheka, msomaji anamalizia sentensi, anakaa.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu, Prof wetu ni mtu mzima, nani amgongee kengele?
Jibu: Shikamoo kwanza, halafu mfuate ofisini siku 3 kabla umwonyeshe ratiba yenye jina lake na dakika zake. Wa kwetu aligongewa akasema "haya nimesikia mama", akashuka.

Swali: Kiswahili au Kiingereza?
Jibu: Vyote. Jaribuni ukurasa mmoja wa Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, kwa Kiingereza, halafu mwingine asome ukurasa uleule kwenye Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya 2022. Kwetu hapo ndo mabishano yalianzia.

Swali: Tunaweza kurekodi turushe mtandaoni?
Jibu: Kazi zenu wenyewe rusheni, mkiwa mmeulizana. Kitabu cha mtu andikia mchapishaji kwanza, kusoma mbele ya watu 40 na kurusha kwa dunia nzima sio kitu kimoja.

Swali: Bajeti hatuna hata mia.
Jibu: Spika tuliazima kwa kwaya ya chuo, viti vipo. Chai na maandazi tulichangishana buku buku (elfu mojamoja), na bado yalibaki maandazi 11, mlinzi akabeba.

Swali: Umeme ukikatika je?
Jibu: Ulikatika mara ya 2. Tukasogeza viti dirishani, maiki tukaachana nayo.