Timu yako mbovu, piki ya juu: jinsi ya kubishana nani achukuliwe kwenye drafti ya NBA

Drafti ni siku timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zinachagua wachezaji wapya kwa zamu, na zamu hiyo ndo piki. Mimi ndo huwa nasimamia ubishi wa drafti kwenye grupu letu la WhatsApp kila ikifika mwezi wa sita, na kwa vile drafti yenyewe inaanza saa tisa usiku kwa saa za huku, watu wana siku nzima ya kugombana kabla. Ubishi mwingi haufiki popote sababu kila mtu kaja na klipu yake ya danki na sauti kubwa. Hivi ndo tunavyoufanya sisi, na nasema mapema kwamba nina upande: timu mbovu haitakiwi kuchagua kwa kuziba pengo la nafasi kikosini.

Hatua ya 1: jua mnachagua wa ngapi

Kuburuza mkia hakukupi namba 1 moja kwa moja. Mfumo wa bahati nasibu ulioanza 2019 unazipa timu tatu za mkiani asilimia 14 kila moja ya kupata namba 1, na ya mwisho kabisa inaweza kuporomoka mpaka ya 5. Waulize Detroit. Msimu ulioisha 2023 walishinda mechi 17 kati ya 82, Victor Wembanyama aliyekuwa anatakiwa na kila timu akaenda San Antonio na wao wakaangukia 5, msimu uliofuata wakashinda 14 tu na wakaangukia 5 tena, jamani. 2025 ikawa zamu ya Utah, wabovu kuliko wote wakapewa ya 5, halafu Dallas waliokuwa na asilimia 1.8 wakaondoka na namba 1 na Cooper Flagg wao. Kwa hiyo usije na jina moja. Njoo na majina matano kwa mpangilio, yapost kabla bahati nasibu haijachezeshwa, na ukishapost hakuna kuedit.

Hatua ya 2: kata majina ya kikosi

Hapa ndo kwenye nyama yenyewe. Mkataba wa ruki (mchezaji mgeni kwenye ligi) wa raundi ya kwanza ni wa miaka 4, miwili ya mwisho ikiwa ni hiari ya timu. Sasa andika kikosi chote cha timu yako kwenye karatasi, halafu kata kila mtu ambaye huwezi kuapa kwamba atakuwepo mwaka wa nne. Kwa timu mbovu utabaki na majina mawili, ukijitahidi sana matatu. Basi hao wawili ndo kikosi chako, waliobaki ni abiria, na mtu akikwambia "tuna shuting gadi tayari" (mlinzi mfungaji) mwoneshe jina hilo limekatwa.

Mfano ninaoutumia kila mwaka ni Memphis 2009, na najua Watanzania unatuuma. Walikuwa wametoka kushinda 24 na kupoteza 58, wakapata piki ya 2. Pembeni walikuwa na Mike Conley, O.J. Mayo na Rudy Gay, wote vijana, kwa hiyo hesabu ikaonekana rahisi, kinachokosekana ni mtu mrefu wa kulinda ringi, na Hasheem Thabeet wetu alikuwa anatoka Connecticut na bloku (mitupo aliyoizuia) zaidi ya nne kwa mechi. Wakamchukua. Wa 3 akaenda James Harden, wa 7 Stephen Curry, wote wawili wakaja kuwa mastaa. Sasa chukua ile karatasi uende nayo mpaka mwaka wa nne, msimu wa 2012-13: Mayo kashaondoka, Gay kauzwa katikati ya msimu, Thabeet mwenyewe walishamtoa tangu 2011. Wa maana waliobaki ni Conley na Marc Gasol, na huyo Gasol ni senta, yaani yuleyule mtu mrefu wa kulinda ringi, alikuwa ndo kwanza kamaliza msimu wake wa kwanza pale Memphis walipokuwa wanamchagua Thabeet, na 2013 akawa mchezaji bora wa ulinzi kwenye ligi. Yaani lile pengo walilokuwa wanaliziba lilikuwa na mtu tayari, na yule shuting gadi waliyesema wanaye, Mayo, hakukaa. Simlaumu Hasheem hata kidogo, yeye hakujichagua.

Golden State 2020 ni stori ileile, piki ya 2, wanataka senta, wakambeba James Wiseman, LaMelo Ball akaenda Charlotte. Portland 1984 sihitaji hata kuisimulia, walikuwa na Clyde Drexler kwenye nafasi ileile, wakachukua senta Sam Bowie, wakampita Michael Jordan.

Hatua ya 3: ficha majina

Msimamizi anaandika wachezaji kama A, B, C na anaweka vitu vichache tu: umri, urefu wa mikono ikinyooshwa, asilimia ya mitupo huru, na timu yake ilikuwa inamtegemea kwa nini. Umri watu wanaudharau sana. Siku ile ya 2009 Thabeet alikuwa na 22 na Harden 19, miaka miwili na nusu hapo ni mingi mno. Mitupo huru naiamini kuliko pointi tatu za chuo, hakuna anayekukaba, umbali ni uleule, kwa hiyo unaona mkono wenyewe. Majina yakirudi utashangaa nani kahama upande, hasa mashabiki wa chuo cha Duke.

Hatua ya 4: majeraha

Kila mtu aseme anachokiogopa kwa mchezaji wake mwenyewe. Greg Oden alichukuliwa juu ya Durant 2007 na magoti yakammaliza. Joel Embiid naye 2014 alikuwa na mguu uliovunjika, akakaa nje misimu miwili mizima, Philadelphia wakasubiri, 2023 akawa MVP, mchezaji bora wa msimu. Swali ni kama mwenye timu ana uvumilivu huo, maana makocha wengi wanafukuzwa kabla hajapona mtu.

Hatua ya 5: kuuza piki

Inaruhusiwa, ila useme unashuka mpaka wapi na unamtaka nani huko. Boston 2017 waliwapa Philadelphia namba 1, wakashuka mpaka 3 wakiwa na piki nyingine ya nyongeza, wakamchukua Jayson Tatum. Hao walikuwa na jina mfukoni. "Tuuze tupate maaset", yaani piki na wachezaji wa akiba, bila jina, kwetu haihesabiwi kama kura.